Kamba Iliyokazwa Ikiwa Imelowa

Ndugu zangu, salamu zangu ziko njiani. Kwanza naomba kila mtu aangalie juu. Hata wewe mzee wa kanisa, angalia tu, shingo haitavunjika. Mnaona hiyo turubai inavyopumua? Inapanda, inashuka, inapanda tena. Kuna watu wa viti vya nyuma nimewaona wakisogea polepole kuelekea nje tangu huo upepo uanze. Nawaambia kaeni. Hiyo tenti nimeifunga mimi mwenyewe asubuhi, na ushuhuda wangu wa leo ni juu yake. Haya, sasa nawasalimu kwa jina la yule aliyenyamazisha upepo kule ziwani, watu wake wakiwa wamepiga kelele kama mlivyokuwa mnataka kupiga.

Asanteni. Sitataja jina la mtu. Wenyewe watajijua.

Mimi nilizaliwa Embu, nikaolewa Mikinduri. Msicheke, nyinyi watu wa Embu mlioko hapa Kaaga, kila mtu huolewa mahali roho imempeleka. Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alibeba ndizi na viazi, akavipeleka mbali. Siku moja, kabla hatujapata watoto, alinibeba kunipeleka kwetu kusalimia wazazi. Tulikuwa tumepakia, tumefunga mizigo, mikanda imekazwa mpaka inalia. Hatujafika hata mbali, akasimamisha lori kando ya barabara, akashuka. Nikafikiri ni mambo ya haja ndogo. Lakini nikamsikia huko nyuma: kre, kre, kre. Alikuwa anakaza mikanda upya.

Akirudi nikamuuliza, "Kwani ulifunga vibaya?"

Akasema, "Nilifunga vizuri. Lakini mzigo ukitembea unakaa. Ukikaa, mkanda unabaki mlegevu. Mzigo hufungwa mara mbili, mama."

Mimi ni mtu wa kuuliza maswali, hata mwalimu wangu wa shule alichoka na mimi. Nikamuuliza, "Sasa mbona usifunge hiyo ya pili hapo hapo nyumbani, tusisimame?" Alicheka mpaka akashindwa kuwasha gari. Hicho kicheko naweza kukisikia hata sasa.

Mama mkwe naye alinifundisha kufunga miraa. Wale ambao hamjui, miraa hufungwa kwa kamba ya mgomba, yale maganda makavu unayachana vipande vyembamba. Na kamba ya mgomba ukiivuta ikiwa kavu, inakatika mkononi. Lazima uiloweshe kwanza kwenye maji. Ikishalowa inakuwa laini, unafunga, na ikikauka inashika kama imeshonwa. Mama mkwe alikuwa akinipiga kidogo kwenye mkono, hivi, akisema, "Mwari," yaani binti, "kamba kavu ni mwongo. Iloweshe!" Nikajua. Nikawa nafunga haraka kuliko wasichana waliozaliwa huko. Kumbukeni hilo neno, kamba kavu ni mwongo, tutarudi kwalo.

Basi mume wangu alichoka na barabara. Akasema anataka kazi ya kulala nyumbani. Akanunua tenti, ya watu wengi, nyeupe yenye mistari, pamoja na nguzo zake. Alitaka tuwe tunaikodisha kwa harusi na mikutano. Tukaitandaza kwenye uwanja, watoto wakakimbia juu yake wakateleza, tukaikunja, tukaiweka stoo tukingoja kazi ya kwanza. Kabla ya kazi ya kwanza akaugua. Ilikuwa haraka. Alienda hospitali akitembea kwa miguu yake, akarudi kwenye jeneza.

Ndugu zangu, hiyo tenti kazi yake ya kwanza ilikuwa kumzika mwenyewe.

Nawashukuru, najua mnasikia. Siku hizo watu walinishika kweli kweli. Nilipolala kulikuwa na mtu, nilipoamka kulikuwa na mtu. Chai ilipikwa na mikono ambayo sikuijua. Hata nikitaka kwenda kujisaidia kuna mama alinifuata. Mvua ilikuwa inanyesha, na mimi machozi yalikuwa yananyesha, na nilikuwa nimefungwa na watu kila upande. Sikuweza kuanguka hata kama ningetaka.

Halafu mvua ikaisha, na watu wakarudi mashambani kwao. Siwalaumu, kahawa haingoji mtu.

Lakini nimeruka kidogo. Kabla mvua haijaisha nilianza kukodisha ile tenti. Watoto walikuwa wanataka shule na mimi sikuwa na kitu kingine. Nikanunua kamba za katani sokoni, nzuri, nene kama kidole gumba. Na nilipofunga, nilifanya kama nilivyofundishwa. Niliziweka kwenye ndoo ya maji kwanza. Nikazivuta zikiwa zimelowa, nikazifunga kwenye vigingi, zikawa ngumu mpaka ukizigusa zinatoa sauti. Na hiyo tenti ilisimama! Mazishi hapa, mkutano wa chifu pale, shukrani za mtu aliyetoka hospitali. Mvua inapiga, tenti haitingishiki. Watu wakasema, huyu mjane anajua kazi. Hata mimi nilijivuna kidogo.

Sasa likaja jua. Mnajua lile jua la kwetu la baada ya Krismasi, na ule upepo unaopanda kutoka huko chini kwenye tambarare kila mchana, unabeba vumbi na kofia za watu. Nikaitwa kwa harusi. Asubuhi na mapema nikalowesha kamba zangu, nikavuta, nikafunga, nikazigonga kwa kidole zikalia vizuri. Bwana harusi mwenyewe alikuja akajaribu kusukuma nguzo ikakataa. Akaniambia, "Mama, hii hata ndovu hawezi."

Tukala. Na nilitambua kitu ambacho kilinishangaza lakini nikakiacha kipite. Wakati wa chakula niliegemea kamba moja nikiwa na sahani yangu, nikaenda nayo. Ilikuwa laini. Nikafikiri labda mtu ameifungua. Kabla sijainama kuangalia, nikaitwa kwa picha.

Walikuwa wanakata keki. Upepo ulikuja mara moja, ukaingia chini ya tenti, na tenti ikaanza kupiga makofi. Pa, pa, pa. Vigingi vikatoka ardhini kimoja kimoja kama meno ya mtoto. Tenti ikainuka na watu wakiwa chini yake, nguzo zikaning'inia hewani, nayo ikaenda. Ilivuka ua, ikaenda ikakaa juu ya migomba ya jirani. Nguzo moja ilimpiga shangazi wa bwana harusi begani, akaanguka. Kwenye zile kelele zote mimi nilisikia sauti yake peke yake.

Bega lilivunjika. Alipona, lakini alikaa na mkono shingoni muda mrefu.

Nawaambia ukweli, kilichonimaliza ni maneno. Bega liliuma lakini bega ni mfupa. Maneno yalisema, "Tenti ya mazishi haikubali harusi." Yakasema mume wangu hataki tenti yake ichezewe ngoma, ndiyo alikuja kuichukua. Mtu anapita njiani anauliza watoto wangu, "Baba yenu alisema nini kuhusu harusi?" Watoto! Hakuna aliyeniita tena, hata kwa mazishi. Tukaita watu wa maombi wakaiombea ile tenti ikiwa imekunjwa kwenye stoo, wakaiwekea mikono. Sisemi maombi hayakufaa. Nasema tulimwomba Mungu aponye tenti, na tenti haikuwa mgonjwa.

Akaja mtu mmoja akasema atanunua turubai yangu aikatekate, awe anaanikia mahindi. Nilimwambia aje mahindi yakikomaa. Nililala kitandani mchana, mimi, mtu ambaye hata nikiwa na mimba sikuwahi kulala mchana. Niliogopa upepo. Mnacheka, lakini mabati yakilia tu kidogo nilikuwa navuta blanketi mpaka kichwani. Nilikuwa nauza kitu pekee ambacho mume wangu alituachia, na nilikuwa nafurahi kwamba kinaondoka.

Sasa hapo ndipo mama mmoja alikuja. Yuko hapa, na tayari ameinamisha kichwa, kwa hiyo anajua ni yeye. Hakuja na kikundi, wala hakuja na neno la Mungu. Alikuja na sukuma wiki kwenye leso, miezi baada ya wengine wote kuacha kuja, akakaa kwenye mlango wa jikoni akachambua. Alisema, "Nimekuja kuona kama bado unakula." Basi. Akaja tena na tena. Siku moja alikuja asubuhi, akanisaidia kufua mashuka, tukaanika. Mchana tukiwa tunakunywa chai akaangalia nje akasema, "Wewe, kwani kamba yako inalewa mchana?"

Nikatoka kuangalia. Kamba yangu ya nguo ilikuwa ya katani. Asubuhi tulianika mashuka yakiwa na maji, mazito, na kamba ilikuwa imenyooka juu. Sasa mashuka yalikuwa yamekauka, mepesi kama karatasi, na yalikuwa yanaburuta kwenye mchanga. Nikasimama pale. Yakiwa mazito yako juu, yakiwa mepesi yako chini. Mbona? Ndugu zangu, hilo swali lilikuwa la kwanza mimi kuuliza tangu tumzike mume wangu. Nilisikia kitu kikiamka ndani yangu, kama mtu aliyekuwa amelala ameitwa jina lake.

Nilichukua kipande cha kamba ya tenti, kavu, nikakifunga kwenye boriti ya paa nje, nikaning'iniza jiwe. Nikachora mstari wa makaa ukutani pale jiwe lilipofika. Nikamwagia kamba maji. Nikakaa kwenye kigoda nikaangalia jiwe.

Mama mkwe alitoka nje akanikuta. Akauliza, "Mwari, unafanya nini?"

"Naangalia jiwe."

"Jiwe linafanya nini?"

"Mama, ndiyo sijui, ndiyo naliangalia."

Yule mama wa sukuma wiki akacheka mpaka akashika ukuta. Mama mkwe hakucheka. Alirudi ndani, na nilimsikia akimwambia Mungu kwamba sasa amemletea mzigo mwingine wa kichwa. Lakini mwanadamu ni mwanadamu, akarudi na kigoda chake akakaa kando yangu. Na jiwe likapanda. Hakuna mkono uliolishika. Lilipanda polepole juu ya ule mstari wa makaa, likakaa huko. Mama mkwe akasema, "Ala!" Tukangoja jua. Kamba ilipokauka jiwe likashuka mpaka pale pale lilipoanzia.

Tukajaribu tena. Wiki nzima tulikuwa watu wa jiwe. Majirani walianza kuja kuangalia, wengine wakidhani ni uganga.

Mnaelewa? Kamba ya katani ikilowa inajikunja, inakuwa fupi. Ikikauka inarudi urefu wake. Mimi nilikuwa naifunga ikiwa imelowa, ikiwa fupi, nikidhani nimekaza. Wakati wa mvua ilibaki imelowa, ndiyo maana nilisifiwa. Siku ya harusi jua liliikausha tukiwa tunakula pilau, kila kamba ikaongezeka kidogo, na hicho kidogo ndicho upepo ulikuwa unatafuta. Upepo hautaabiki na kitu kilichotulia. Unashika kile kinachocheza.

Mama mkwe aliivuta ile kamba kwa vidole. Halafu akasema, "Mimi ndiye nilikufundisha kulowesha."

Nikamwambia, "Ulinifundisha ya mgomba, mama. Na ya mgomba ni kweli. Mimi ndiye nilidhani kamba zote ni ndugu."

Alinishika mkono ule aliokuwa akiupiga. Tulilia sisi wawili, na ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja, maana kwenye mazishi kila mmoja alikuwa na watu wake wa kumshika. Alilia akisema, "Basi si mtoto wangu aliyeibeba. Basi si yeye." Kumbe hata yeye aliyaamini yale maneno, na alikuwa ameyabeba peke yake. Mimi sikujua. Tulikula sufuria moja kila siku na sikujua.

Siku hiyo niliingia stoo nikafungua gunia ambalo sikuwa nimeligusa. Ndani mlikuwa na mikanda ya lori ya mume wangu, ile ya kitambaa kigumu yenye chuma cha kukazia. Bado ilikuwa inanuka mafuta na yeye. Nikapaka chuma grisi, nikakivuta, kikalia kre, kre, kre. Nikauning'inizia mkanda mmoja jiwe langu, nikaumwagia maji. Halikusogea juu wala chini, ndipo nikacheka kwa sauti. Yule mnunuzi wa turubai alipokuja nilimpa chai akarudi na miguu yake.

Lakini kujua peke yako hakukupi kazi. Nani ataita tenti ya mazishi? Nitawaambia nani. Ni yule shangazi, wa bega. Alisikia habari za jiwe, akaja nyumbani na mkono bado mzito. Nikampa kigoda, akakikataa. Akasema, "Nionyeshe hilo jiwe." Nikamwonyesha. Aliangalia likipanda mpaka mwisho, kisha akasema, "Mimi nilikuwa naambiwa nimepigwa na marehemu. Kumbe nilipigwa na kamba. Marehemu ningemfanya nini? Kamba inaweza kufungwa." Akasema anataka kumshukuru Mungu kwa bega lake, nyumbani kwake, na tenti itakuwa yangu. Watu wakamwambia ana wazimu. Akawajibu, "Nitakaa katikati. Nataka kuona kwa macho yangu."

Nilifunga ile mikanda mahali pa kamba. Vigingi nikavipiga vikiwa vimelala kuipa tenti mgongo, vikaingia ndani kabisa. Watu walikuja, lakini wengi walisimama nje, kwenye jua, wakijifanya wanapenda jua. Shangazi aliweka kiti chake katikati akakaa kama malkia.

Kabla ya chakula niliacha kila kitu nikazunguka. Vitambaa vilikuwa vimekaa, nguzo zilikuwa zimezama kidogo kwenye udongo, kama mzigo wa lori unavyokaa. Kila mkanda ulikuwa na ulegevu kidogo. Nikakaza wa kwanza, kre, kre, na hapo ndipo nilimwelewa mume wangu. Kule nyumbani huwezi kufunga mara ya pili, kwa sababu mzigo bado haujatembea. Nilikuwa nimengoja hilo jibu miaka mingi, na lilinipata nikiwa nimepiga magoti kwenye vumbi. Nililia huku nakaza. Nilizunguka tenti yote nikilia na sikujificha.

Upepo ulikuja, ule ule. Ukaingia chini, ukainua turubai, turubai ikanguruma kama ngoma. Waliokuwa nje walikimbia, sijui wakikimbia nini na walikuwa nje. Shangazi hakusimama. Alishika kiti kwa mkono wake mzima, akafunga macho. Upepo ukasukuma, ukasukuma, ukachoka, ukaenda zake. Hakuna kigingi kilichotoka. Shangazi akafungua jicho moja, akaangalia juu, akasema kwa sauti, "Wewe! Hii tenti imeokoka!"

Ndugu zangu, tangu siku hiyo sijakosa kazi. Hiyo tenti imeenda harusi mpaka mtaa wa Dallas kule Embu, na watu wa kwetu wameniona nikipanda ngazi na nyundo. Na sasa iko hapa juu yenu, mkingoja kanisa liezekwe.

Namshukuru mama mkwe, aliyekubali kukaa kwenye kigoda akaangalia jiwe na mwenda wazimu. Namshukuru shangazi. Na wewe wa sukuma wiki, inua kichwa, nimemaliza kukuaibisha. Wahenga walisema akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mimi naongeza kidogo tu: na yule anayerudi dhiki ikishakauka.

Maana hili ndilo somo langu, na ninalitoa kwa upole. Sisi watu wa hapa tunajua sana kumfunga mtu akiwa amelowa. Akifiwa tunajaa, tunamkaza kila upande, na tunaenda nyumbani tukisema tumefanya kazi. Lakini machozi yanakauka. Mtu anarudi urefu wake wa kawaida, na zile kamba zote zinabaki zinacheza. Upepo wake hauji siku ya mazishi. Unakuja baadaye, mchana, watu wakiwa wanakula.

Yuko ndugu yetu mmoja ambaye tulimzika mtu wake wakati wa mvua. Wote tulikuwa huko, na matope kwenye viatu. Leo kiti chake kiko hapo, hakuna mtu amekikalia, na jua limewaka sasa kwa muda. Nani amerudi? Siulizi kwa ubaya. Nauliza tu, maana ni tabia yangu kuuliza.

Mimi tukitoka hapa ninaenda kwake, na nina unga na sukuma wiki. Anayetaka kuja tutatembea pamoja. Lakini sasa naona mkanda wa upande ule umeanza kulegea, na mchungaji bado hajahubiri. Ninyi wa viti vya nyuma, si mlikuwa mnataka kutoka nje? Njooni, tukaze.